Pumzi Iliyobaki Kwenye Bombardino

Kila sikukuu ya Mtakatifu Melkiori inapokaribia, ua wa Bi Eduviges Orozco hujaa wanaume wazima walioingiwa na hofu. Hupanga foleni kuanzia kwenye tanuri lake la mkate hadi nje ya lango, kila mmoja amelikumbatia tarumbeta lake lililofunguliwa vipande vipande. Yeye mwenyewe hukaa kwenye kigoda, mikono ya gauni ameikunja, pua ameiingiza ndani ya shaba.

"Hili umelipuliza au umelipikia maharage?"

"Nimeliosha juzi tu, Bi Eduviges. Haki ya Mungu vile."

"Juzi ya mwaka gani? Na Mungu usimtie kwenye uchafu wako. Maji yale pale, sabuni ile pale. Brashi uirudishe safi, mwaka jana uliniachia kama mkia wa mbwa."

Mpiga tuba wetu, jibaba lenye masharubu ambalo halijawahi kumwogopa mwenyekiti wa mji wala polisi wa barabarani, huenda kwenye karo la kufulia kimya kimya huku wenzake wakimcheka, mpaka zamu yao nao ifike wanyamaze. Bendi za vijiji jirani zikija kutupigia sikukuu hupewa kahawa kwanza, kisha huonyeshwa njia ya kwa Bi Eduviges. Wapo waliokasirika wakatishia kurudi kwao. Hakuna aliyerudi, kwa sababu mkate wake unanukia hadi kwenye kona ya kanisa, na asiyepitia kwenye karo haupati.

Hajui noti hata moja. Hajawahi kupiga wimbo maishani mwake. Ni mwoka mikate, mjane, mfupi, mwenye ulimi unaokata pande zote mbili, na kama bendi ya mji wetu wa San Melchor leo ina vifua vizima, ni kwa ajili yake. Kabla ya hapo tulimpinga sote, wakubwa kwa wadogo. Ni vizuri watu wajue jambo lile lilivyomgharimu, maana ukimwuliza mwenyewe atakuuliza kama umekuja kununua mkate au kumpotezea siku.

Aliolewa na Nicéforo Vargas akiwa msichana, na watu walimwonea huruma kidogo, kwa kuwa Nicéforo alikuwa mtu wa kusema neno moja asubuhi na jingine jioni. Eduviges hakuona shida. Maneno yote ya Nicéforo yalikuwa kwenye bombardino, lile tarumbeta nene lenye tumbo ambalo hukaa mapajani kama mtoto aliyeshiba, na sauti yake ni ya mwanamume anayebembeleza. Akilipuliza kwenye maandamano ya mtakatifu, wanawake waliacha kunong'ona. Akilipuliza mazikoni, hata aliyemchukia marehemu alitafuta leso.

Kwetu bendi ni mali ya mji, kama kisima. Lakini bombardino lile lilikuwa la ukoo. Babu yake Nicéforo ndiye aliyelipandisha milimani kwa mgongo wake, akamwachia mwanawe, naye akamwachia Nicéforo. Na chombo cha ukoo, siku zile, kilikuwa hakioshwi. Nje kilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ujione meno. Ndani hamkuguswa, maana mle ndimo zilimobaki pumzi za wazee, na anayepitisha maji mle amewafukuza wazee nyumbani kwao.

Tena wazee wana kiu. Kwenye sikukuu, mtungi wa tepache ukizungushwa, ile pombe yetu tamu ya sukari guru, kila mpigaji alimimina funda la kwanza ndani ya tarumbeta lake kabla ya kunywa lake. Nani atawanyima wazee wake kinywaji? Ngoma ikiisha chombo kilifungwa kwenye blanketi, kibichi vilevile, kikatundikwa darini, na milimani kwetu mawingu huingia kupitia paa na kukaa humo kana kwamba ndiyo wenye nyumba. Kazi ya kufunga blanketi ilikuwa ya Eduviges. Aliifanya kwa upendo, akikaza fundo ili hewa isipite.

Kikohozi cha Nicéforo kilianza kama mzaha. Wenzake walimwambia amemeza inzi. Kisha kikawa cha kila jioni, na homa ndogo juu yake, na mtu aliyekuwa akipanda mlima na gunia la mahindi akawa anasimama njiani kujifanya anaangalia mandhari.

Eduviges alihangaika. Mganga wa kwanza alimpitishia yai kifuani, akasema ni baridi. Wa pili akasema alishtuka mtoni na roho yake imebaki kulekule, basi wakaenda kuiita kwa jina kwenye mawe, na Nicéforo mwenyewe, mtu wa maneno mawili, akasimama kando akiona haya. Alinywa majani ya kila kilima. Jambo moja tu lilimsaidia: akishuka bondeni kuchuma kahawa, bombardino akaliacha nyumbani, kikohozi kilikwisha. Alirudi na mashavu.

"Joto la bondeni hilo," watu wakasema, na Eduviges naye akasema hivyohivyo. Ikija sikukuu, akishapuliza kutwa, wiki haikupita kabla hajaanza kulala ameketi, akiivuta hewa kwa shida kama aliyefunikwa kitambaa puani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Nicéforo alikuwa akikibusu kila jioni.

Alikufa wakati wa mvua. Bendi nzima ilimpeleka makaburini, na kaka yake, Mwalimu Abundio, kiongozi wa bendi, akalifunga bombardino kwa kitambaa cheupe, mdomoni na kwenye kidomo cha kupulizia, ili pumzi ya mwisho isitoke. Akaliweka kwenye altare ya nyumbani kando ya picha ya marehemu. Ndivyo ilivyokuwa desturi: likae hapo mwaka wote wa matanga, kisha mrithi alishike kama lilivyo.

Mwaka ule Eduviges alikuwa na siri. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha tanuri, aliinua pembe ya kitambaa akanusa. Mle ndani alikuwamo Nicéforo: tepache, tumbaku, unyevu, na kitu chenye uchachu kidogo kama shingo yake alipotoka shambani. Alimpa habari za mji, nani kaoa, nani kaangushwa na punda, nani kagombana na padri. Kisha akamfunika vizuri. Wajane wengine wana kaburi tu, aliwaza. Yeye alikuwa na pumzi.

Matanga yakaisha. Wilfrido, mwana wao wa pekee, kijana wa ndevu za kwanza aliyekuwa akipiga klarineti ya bendi tangu utotoni, akafungua kitambaa mbele ya watu wote. Alipopuliza, vikombe vilisimama mikononi. Ilikuwa sauti ileile, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila pumzi. Mwalimu Abundio aligeukia ukuta. Eduviges alilia kwa furaha mbele za watu na hakujali.

Furaha ile haikufika mavuno ya mahindi. Kijana akaanza kukohoa, na mama yake akakitambua kikohozi kama mtu anavyotambua hatua za mgeni aliyewahi kumwibia. Kikavu. Halafu homa ya jioni. Halafu Wilfrido, aliyezoea kuteremsha kuni za tanuri huku akiimba, akawa anapumzika katikati ya ngazi za kanisa. Eduviges aliogopa. Mume alimzika akaishi. Huyu akimzika hataishi, hilo alilijua kama anavyolijua jina lake.

Hakupoteza siku na mayai tena. Alimburuta hadi Oaxaca mjini kwa daktari wa vifua. Wilfrido alikwenda na bombardino mapajani ndani ya basi, kwa kuwa wakirudi alitakiwa kushuka njiani akapige kwenye harusi.

Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye miwani na mikono baridi. Alisikiliza kifua, akaitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu, akauliza kama wanafuga njiwa, akauliza kuhusu moshi wa jikoni. Kisha macho yake yakaangukia mzigo kwenye blanketi.

"Na hiyo ni nini, kaka?"

"Bombardino. La baba."

"Baba yuko wapi?"

"Alikufa. Kifua."

Daktari akaweka kalamu chini. "Naomba nilione."

Alichomoa kidomo cha kupulizia, akaingiza pamba kwenye waya mrefu, akaisokota mle ndani, akaitoa. Pamba ilirudi nyeusi yenye rangi ya kijani, inang'aa kwa utelezi, na harufu ikajaa chumba. Muuguzi aliwahi dirisha. Eduviges peke yake ndiye ambaye hakurudi nyuma. Harufu ile alikuwa ameisalimia kila asubuhi kwa mwaka mzima.

"Mama, hii ni kuvu," daktari alisema. "Ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika. Na vijidudu vingine juu yake. Mate yanaingia, kinywaji kitamu kinaingia, hapakauki hata siku moja, basi vinastawi. Na kabla mtu hajapuliza lazima avute hewa, na anaivuta mdomo ukiwa hapohapo. Kila wimbo anaingiza vumbi lake kifuani."

"Mbona wengine wanapuliza na wala hawaumwi?"

"Kuna vifua vinavyovumilia na visivyovumilia. Vya nyumba yenu havivumilii. Akiendelea, mapafu yatakakamaa kama mkate mkavu, na yakishakakamaa mimi sina dawa ya kuyalainisha."

Eduviges akasimama. Hakuwa amepanga kusimama. "Sikiliza, binti. Chunga mdomo wako. Hiyo unayoiita uchafu ni pumzi ya mume wangu."

Wilfrido akamvuta gauni kwa haya. Daktari hakucheka, na kwa hilo San Melchor nzima ina deni la heshima kwake hadi leo.

"Inawezekana ni yake, mama," alisema taratibu. "Lakini ndiyo inayomuua mwanao. Lioshwe lote, ndani kabisa, likauke. Au asiliguse tena."

Ndani ya basi la kurudi, milima ikipanda dirishani, Eduviges alielewa habari ya bonde la kahawa. Joto halikuhusika. Alielewa pia ile kazi ya blanketi na mafundo aliyokuwa akiyakaza, akauma kidole asilie mbele ya kijana. Miguuni mwake ulikuwa mfuko wenye brashi ndefu ya kunyumbulika, aliyoinunua karibu na kituo cha mabasi.

Kesho yake alikosea jambo moja: alikwenda kusema kwenye jumba la bendi, mbele ya wote.

"Shemeji," alimwambia Mwalimu Abundio, "vyombo vioshwe. Vyote. Na la Nicéforo liwe la kwanza."

Kicheko kikapanda hadi juu ya paa. "Kwa sabuni ya harufu gani, Bi Eduviges? Ya waridi?" aliuliza yule mpiga tuba. "Tumeshakuwa sufuria sasa!" akadakia mwingine. "Kesho atatuanika kwenye kamba!"

Abundio hakucheka. "Shemeji, mjane anayeosha chombo cha mumewe anamuua mara ya pili. Hilo unalijua tangu hujaota meno ya ukubwani."

"Nalijua. Na Wilfrido je?"

"Wilfrido ana baridi. Ashuke bondeni, apone kama babaye."

"Babaye alipona kwa sababu aliliacha hili dude nyumbani!"

"Dude?" Abundio akauliza kwa sauti ya chini. "Umeliita dude?"

Eduviges mwenyewe alishtuka. Aliondoka bila kuaga.

Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Wilfrido alikuwa ameketi kwenye gogo, bombardino mapajani, anapumua kwa mdomo. "Mama, siwezi," alisema. "Nikipuliza namsikia baba. Ukiliosha nitamsikia nani?"

Angemjibu nini, na yeye alijiuliza swali hilohilo kila alipofumba macho? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku zile uchungu wa mwana na uchungu wa mume vilikuwa vikivutana ndani ya mwanamke mmoja, mfupi hivyo. Ile brashi ilibaki kwenye karatasi yake, juu ya kabati la unga. Alimficha mwanawe bombardino mara mbili, na mara zote mbili alilirudisha mwenyewe alipomwona analitafuta kwa macho tu, bila kuuliza.

Januari ikafika na mtakatifu wake. Kulikuwa na manyunyu na ubaridi wa kuuma masikio, na maandamano yalikuwa yakipanda ngazi za kanisa, sanamu mbele, bendi nyuma. Eduviges alikuwa kwenye meza yake ya mkate pembeni mwa uwanja. Alikuwa akiisikiliza bendi kwa sikio moja kama kawaida, akimfuata Nicéforo ndani ya muziki, na ghafla Nicéforo akakatika. Matarumbeta mengine yaliendelea kidogo, kisha nayo yakapotea moja moja. Wilfrido alikuwa ameketi kwenye ngazi iliyolowa, mkono kifuani, midomo ya buluu.

Wanaume walimbeba mbio hadi zahanati, na muuguzi akamwekea hewa ya mtungi. Watu walidhani mama mtu atakimbia nyuma yao. Eduviges alisimama, akahakikisha mwanawe amebebwa, akapiga moyo konde. Akapanda ngazi hadi pale bombardino lilipoangukia, akalipakata, akaenda nalo nyumbani. "Maskini, amerukwa na akili," walisema wanawake, na wakajichukulia mikate wenyewe.

Mwalimu Abundio alimkuta uani. Alikuwa amefunga kibwebwe, brashi imetolewa kwenye karatasi, maji ya vuguvugu yamo kwenye ndoo, na bombardino limelala kwenye karo la kufulia.

"Shemeji, liache."

"Ukitaka kunizuia nizuie, nguvu unazo. Lakini kaburi la Wilfrido utalichimba wewe mwenyewe, kwa mikono yako, nami nitakaa pale nikuangalie."

Abundio hakusogea. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni, na kwa manyunyu yale haikujulikana yalikuwa maji gani. "Na ndugu yangu?" aliuliza. "Pumzi yake utaimwaga wapi, Eduviges? Kwenye mfereji? Iende kwa nguruwe?"

Hilo ndilo lililomfunga mikono wiki zote zile, na sasa limesemwa. Eduviges alitazama tundu la karo. Alitazama mfereji unaotoka pale, unaopita bandani kwa nguruwe wa jirani na kumwagikia barabarani. Jibu lilitoka lenyewe.

"Nitaizika," alisema. "Mwili tuliuzika, pumzi tukaiacha juu huku ikihangaika na watoto wa watu. Tutaizika kama watu wanavyozikwa. Lete beseni kubwa, tone lisipotee."

Shemeji yake alikaa kwenye ukingo wa karo. Halafu akavaa kofia. "Pistoni za kubonyezea zimeganda," alisema kwa sauti ya kazi. "Hutazifungua wewe. Nakwenda kuleta mafuta na beseni."

Eduviges akabaki peke yake na bombardino. Alijua kilichokuwemo. Pamba aliiona, maneno ya daktari aliyakumbuka yote. Maishani mwake hakuwahi kuweka mdomo pale, maana kwa wanawake wa rika lake lilikuwa jambo la aibu. Alikichukua kidomo, mahali palipokaa midomo ya Nicéforo tangu ujana, akaweka yake. Hakupuliza. Alivuta. Alivuta mpaka kifua kikajaa, akaishikilia mle ndani kadiri alivyoweza, kisha akaiachia polepole, akiwa amefumba macho.

Abundio aliporudi alimkuta anajifuta mdomo kwa pembe ya aproni.

Abundio alilegeza bomba moja moja kwa mafuta, Eduviges akalipitishia maji ya sabuni, akaingiza brashi, akatoa, akaingiza tena. Yalitoka maji meusi, halafu ya kijani, halafu utando mzito kama wa maziwa yaliyolala, na katikati ya utando ule mabawa ya mende. Abundio aligeuka akatapika kwenye majani. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Langu nalo liko hivi?"

"Lako ni baya zaidi. Wewe unapenda tepache kuliko Nicéforo."

Asubuhi yake maji yale yalitiwa kwenye mtungi wa udongo, mtungi ukafungwa kitambaa cheupe, na bendi ikaupeleka makaburini kwa mwendo wa maziko. Waliocheka kwenye jumba la bendi walivua kofia. Mpiga tuba alilia kwa sauti, jibaba zima. Mahali pa bombardino ndani ya wimbo paliachwa wazi, hakuna aliyethubutu kupajaza. Eduviges alifungua kitambaa, akamimina taratibu juu ya mume wake, udongo ukanywa. Hapo akashikwa na kikohozi.

Abundio alimtazama kwa wasiwasi. "Shemeji, na wewe tena?"

"Moshi wa tanuri."

"Tanuri halijawashwa tangu jana asubuhi."

"Basi ni wa juzi. Piga muziki, watu wanalowa."

Alikohoa kwa siku kadhaa, na sababu hakumwambia mtu mpaka alipozeeka na kuanza kuona aibu zake kuwa mambo ya kuchekesha. Wakati huohuo wanaume walianza kuja uani kwake, mmoja mmoja, wakipitia nyuma ya nyumba kana kwamba wanakwenda kuomba chumvi. Kwanza alikuja Abundio na tarumbeta lake. Kisha mpiga tuba. Kila mmoja alikuja na mtungi wa kukingia maji, na kila mtungi ulipelekwa makaburini kwa wazee wake. Funda la kwanza la tepache siku hizi humiminwa ardhini, na wazee hawajalalamika.

Wilfrido alikaa miezi bila kupuliza kitu, akimeza vidonge vya daktari na mikate ya mama yake. Rangi ilirudi midomoni, kuni zikaanza tena kuteremka na nyimbo. Bombardino lilikauka juani, likafungwa kwa kitambaa kikavu, likasubiri. Daktari aliporuhusu, bendi yote ilikusanyika kwenye jumba, na Eduviges akaja na kikapu chake akasimama mlangoni.

Kijana alipuliza. Mkwaruzo haukuwepo. Ilikuwa sauti safi, nyepesi kidogo, yenye haya, tena yenye haraka, inayotaka kufika mwisho wa mstari kabla ya wenzake. Watu hawakujua waangalie wapi. Eduviges alimsubiri Nicéforo katika wimbo ule tangu mwanzo, akamsubiri kwenye kona zote alizozoea kumkuta, na wimbo ukaisha hajatokea.

Wilfrido akashusha bombardino, akamtazama mama yake, uso umemshuka.

"Siye yeye, mama," alisema. "Nisamehe."

"Rudia."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote." Eduviges alivuta benchi, akaketi mbele yake kabisa, kikapu miguuni. "Yule nimemsikia maisha yangu yote. Wewe ndiyo kwanza nakusikia. Rudia."